"Nitakutafuta": mtu akikuambia hivi, anamaanisha nini hasa?

FundiWaTabata

Habari za usiku wadau. Naandika nikiwa bado kibandani. Umeme umekatika, cherehani ya mguu inafanya kazi lakini ovaloki haiwezi, kwa hiyo nimekaa gizani na simu. Nisaidieni jambo moja, maana nikimuuliza mume wangu ananicheka.

Nina rafiki yangu wa miaka mingi. Tulisoma wote sekondari ya bweni, kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu mimi chini, miaka minne. Ndoo moja ya maji, mche mmoja wa sabuni tunaukata kwa uzi. Jina lake silitaji, nimwite Wa Juu. Sasa hivi ana kazi ya ofisini huko Posta, mimi nashona hapa Tabata. Mji ni huuhuu mmoja, si kwamba kuna bahari katikati.

Mwezi wa tatu nilikwenda Kariakoo, Mtaa wa Uhuru, kufuata bitana na zipu. Nikakutana naye uso kwa uso. Alinikumbatia mpaka mfuko ukachanika, zipu zikamwagika chini, tukaziokota wote wawili tunacheka, wabeba mizigo wanatupigia kelele tupishe njia. Wakati wa kuagana akasema, "Shoga yangu, nitakutafuta. Wikiendi hii hii." Jumamosi nikanunua sato wawili wakubwa. Nikamwambia binti anayenisaidia tutafunga mapema. Jioni ikafika, usiku ukafika, sato tukala wenyewe. Sikumuuliza.

Mwezi wa tano niliweka picha ya mwanangu kwenye status. Akaandika, "Jamani amekua! Nitakupigia leo tuongee." Nililala na simu kifuani kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

Mwezi wa saba tulikutana Mbezi kwenye msiba, mama wa mwenzetu mmoja tuliyesoma naye. Pale kila mtu alikuwa anasema lilelile: haiwezekani tuwe tunakutana kwenye misiba tu. Wa Juu akanishika mkono, akaniambia, "Tutafutane, mwaya." Siku ileile likafunguliwa kundi la WhatsApp. Mpaka leo kinachopita humo ni picha za maua zenye maneno ya "asubuhi njema" na namba za kutuma rambirambi.

Sasa maswali yangu. Nitakutafuta, nitakupigia, tutafutane: kuna tofauti hapo au ni kitu kimoja? Na mtu ukishaambiwa hivyo mara tatu, unaruhusiwa kumtafuta wewe, au unakuwa ombaomba? Ninachoogopa ni hiki: siku hizi ukimpigia mtu mliyepotezana muda mrefu, unaisikia sauti yake inavyokaza. Anasubiri utaje kiasi. Mimi sina shida ya hela kwake. Nina hamu naye tu.

Kaka_Mkweli

Hakupendi. Kalale.

FundiWaTabata

Asante. Ila kama hanipendi, zipu zangu aliziokota za nini? Alikuwa amevaa suti nyeupe.

MwalimuMstaafu_Ngamiani

Binti yangu, salaam kutoka Tanga. Nimefundisha Kiswahili miaka 31, na tangu nistaafu sina wa kumsahihishia daftari, kwa hiyo uniwie radhi nikikujibu kama niko darasani.

Umeuliza kama ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Tazama kitenzi amebebeshwa nani.

"Nitakutafuta": mwenye kutafuta ni yeye, wewe ni wa kutafutwa. Kazi yako ni kukaa. "Nitafute", ambayo hakukuambia, mshukuru kwa hilo: hapo mzigo ungekuwa wako wote. Mara nyingi husemwa na mwenye nafasi kumwambia asiye na nafasi. Mjomba aliyepata cheo humwambia hivyo mpwa anayetafuta ajira, na mpwa akishamtafuta mara nne huelewa. "Tutafutane" ina ile -an- ya kutendana. Ni mzigo wenye vishikio viwili, kila mmoja anamngoja mwenzake ainue kwanza. Halafu haina wakati. Imeishia na e, ni tamko la kutamani, ndugu yake "tuombeane" na "tupendane". Kwa hiyo ile ya msibani usimdai. Hakuna aliyewahi kudaiwa "tuombeane".

Zimebaki mbili zenye -ta-. Sisi tulifundisha kwamba -ta- ni wakati ujao, tukaishia hapo kwa sababu kengele inalia. Lakini wanaisimu wanasema kiambishi hicho kimetokana na kitenzi "taka". Ukitaka kumwona mzee huyo, mtazame anavyojitokeza kwenye "atakayekuja", "nitakapofika", "watakaoondoka". Pale hajakatwa mkia, ni taka nzima. Kwa hiyo rafiki yako aliposema "nitakutafuta", ukiyachimbua maneno yenyewe alisema "nataka kukutafuta". Na alitaka. Mtu anayeokota zipu chini Kariakoo kwa suti nyeupe anataka. Hakukudanganya. Wewe ulisikia ratiba, yeye alikuwa anakueleza moyo wake.

Ila hapo hapo simwachii. Ile ya kwanza aliifunga na siku: "wikiendi hii hii". Mtu akishataja siku, tena akaikazia kwa hii mbili, ametoka kwenye matamanio, ameingia kwenye deni. Sato wako walikuwa na haki.

Kuhusu kumtafuta wewe: mtafute. Lugha yetu yenyewe imeshakuandalia mlango. Ukikutana na mtu, wa kwanza kusema "umepotea sana!" ndiye anayeshinda, hata kama yeye ndiye aliyepotea. Umeshawahi kuona mtu akijibu "la, aliyepotea ni wewe"? Hakuna. Wote hucheka, shauri likaisha.

AbuuWaLikoni

Mwalimu, hiyo ya -ta- nimeipenda, nishamwambia mke wangu na amesema ndio maana "ntatengeneza hicho kitasa" huchukua mwaka.

Dada, mie niko Mombasa na huku kwetu neno la hatari si "ntakutafuta". Ni "nakuja". Mtu yuko kwako barazani, anainuka, anavaa makubadhi, anakwambia "nakuja", anaondoka. Anasema nakuja huku mgongo ndio unaouona! Alikuja kijana mmoja hapa mtaani, amelelewa Ulaya, Kiswahili chake cha vitabuni. Akamsikia babake mdogo kasema "nakuja". Akakaa anamngoja mpaka isha. Tukamwambia nenda kalale, huyo ashaenda zake. Akauliza: sasa mbona hakusema "naenda"? Hakuna aliyeweza kumjibu. Kusema "naenda" ni kama unamkata mtu. "Nakuja" inaacha mlango wazi kidogo, hata kama hurudi.

Nafikiri "nitakutafuta" ya rafiki yako ni ya nyumba hiyohiyo. Ni namna ya kuondoka bila kufunga mlango. Angesema nini pale Kariakoo? "Haya, kwaheri, nimefurahi kukuona"? Ungelia.

Lakini kuna waongo wa kazi. Nina rafiki nikimpigia, "uko wapi?" anajibu "niko feri". Kila mara yuko feri. Mtu ambaye hajapanda feri ya Likoni haelewi utamu wa uongo huu. Feri inaweza kukuweka dakika kumi, inaweza kukuweka saa nzima, na hakuna wa kukuuliza. Sasa nimejifunza, namuuliza: "Feri ng'ambo gani?" Hapo hubabaika. Siku moja nikasikia nyuma yake jogoo anawika. Jogoo wa feri, wallahi.

FundiWaTabata

Nimecheka mpaka jirani wa saluni kaja kuchungulia. Umeme bado.

Bint_Mkunazini

Asalaam aleikum. Mie ni wa Unguja lakini nipo Maskati mwaka wa kumi na moja huu. Hapa na kwetu tofauti ni saa moja tu, kwa hiyo nikiambiwa "n'takupigia" siwezi hata kusingizia kwamba mwenzangu alikuwa kalala.

Naona hamjalitaja neno lenyewe, "inshallah". Watu wanalisingizia sana. Asili yake haikuwa kisingizio. Katika Suratul Kahf, aya ya 23 na ya 24, tumeambiwa tusiseme juu ya jambo lolote "hakika nitalifanya hilo kesho" bila ya kuliegemeza kwenye matakwa ya Mwenyezi Mungu. Ni adabu ya mtu anayejua kesho si yake. Anayesema inshallah kwa maana yake anatia nia kwanza, halafu anajitahidi, halafu matokeo anayaacha. Sisi tumezitupa mbili za mwanzo tukabaki na ya mwisho.

Mama yangu Mungu ampe umri, yupo Mkunazini, anazo inshallah tatu na watoto wote tunazijua. Akisema haraka haraka huku anaendelea kukuna nazi, "inshallah inshallah", hiyo ni hapana. Akisema mara moja, taratibu, halafu akauliza "saa ngapi?", hiyo ni ndiyo, na atakuja na chakula. Akivuta pumzi akasema "Mungu akipenda, mwanangu", ujue kuna jambo hataki kukwambia, ama pesa hana ama kagombana na mtu wa nyumba hiyo. Kwa hiyo dada, neno peke yake halikwambii kitu. Wewe umeishi na huyu mwanamke miaka minne, kitanda juu kitanda chini. Unamjua sauti zake. Pale Kariakoo alisema kwa sauti ipi?

Mie na shoga yangu wa Michenzani tulikuwa hivyohivyo, n'takupigia, n'takupigia, mwaka mzima. Siku moja kanitumia sauti ya dakika saba kwenye WhatsApp, anapika, kijiko kinagonga sufuria, ananielezea ugomvi wa maji ya bomba na jirani. Nikamjibu nami nikiwa nakunja nguo. Mpaka leo kila Ijumaa baada ya sala tunatumiana sauti. Kupigiana bado hatujapigiana! Zile picha za "Ijumaa njema" zenye waridi nimemkataza.

Kaka_Mkweli

Dakika saba za sauti? Mimi ikizidi sekunde arobaini siisikilizi.

Bint_Mkunazini

Ndiyo maana unaitwa Mkweli, huna mtu wa kukudanganya.

Dereva_wa_Kasumbalesa

Ngoja niseme mimi kwa niaba ya washtakiwa, maana naona mnatuhukumu hatupo.

Mimi ndiye yule anayesema nitakucheki. Naendesha semi, Dar mpaka Lubumbashi, narudi na shaba. Nikiwa foleni Tunduma nakuwa na muda mwingi kuliko mtu yeyote duniani, na hapo ndipo huwa nawakumbuka watu. Namtumia mshikaji ujumbe: "Vipi kaka, nitakupigia usiku." Nakuwa namaanisha, na ningekuwa na salio la kutosha ningempigia palepale. Sasa foleni inasogea. Navuka Nakonde, laini ya nyumbani inaanza kula hela, natafuta laini ya Zambia, simu imezimika, chaja iko kwa utingo, utingo amelala. Halafu saa: ng'ambo ile wako nyuma yetu saa moja. Nilimwambia saa mbili usiku, saa mbili ya wapi? Nikikumbuka niko Mpika, kwao saa sita usiku. Siwezi kumwamsha mtu mwenye familia. Nasema kesho. Kesho niko Kapiri Mposhi, nimeshaona aibu kidogo. Nikifika Kasumbalesa aibu imeshakuwa kubwa kuliko ile hamu. Mnaelewa? Ikifika hapo siyo kwamba sitaki kupiga. Naogopa sekunde ile ya kwanza atakayosema "ulisema utanipigia".

Zamani ilikuwa nafuu. Tulibipiana. Unampigia, inalia mara moja, unakata, na mwenzako akiona namba anajua umemkumbuka, basi. Haikuwa na maelezo wala ahadi. Hakuna aliyewahi kununa kwa sababu ya bipu, labda ikizidi tatu.

Kwa hiyo dada, rafiki yako pengine tangu ile Jumamosi ya sato anaona aibu, na kila mwezi aibu inapanda bei. Ukimpigia usianze na "ulisema". Anza na kitu kingine kabisa. Anza na zipu.

MwalimuMstaafu_Ngamiani

Dereva, hiyo sentensi ya aibu kuwa kubwa kuliko hamu ningekupa alama zote. Ningekukata moja kwa ajili ya "kucheki".

Mteja_Aliyechoka

Samahanini, nimesoma uzi wote toka juu na hakuna aliyeuliza swali la msingi. Mleta mada ni FUNDI CHEREHANI. Fundi cherehani analalamika kwamba watu hawatimizi walichosema! Dunia imefika mwisho.

Mimi mwaka juzi nilipeleka kitenge cha yadi sita kwa fundi mmoja, nguo ya Krismasi, nimepeleka mwezi wa kumi. Tarehe 20 Desemba: "Njoo kesho dada." Tarehe 21: "Imebaki vifungo tu." Tarehe 22: "Imebaki kupiga pasi." Tarehe 23 nikaingia ndani mwenyewe nikafunua. Kitambaa kilikuwa hakijakatwa! Kimekunjwa vilevile nilivyokikunja mimi, na risiti ndani. Vifungo tu. Vifungo vya nini, vya kushonea hewani?

Sasa swali langu kwa mleta mada, na ajibu kwa haki: huyo Wa Juu umewahi kumshonea nguo?

AbuuWaLikoni

Uwiii.

Kaka_Mkweli

Natandika mkeka hapa.

FundiWaTabata

*(siku ya pili, usiku)*

Sikujibu jana kwa sababu nilisoma lile swali nikazima simu.

Ndiyo. Nimemshonea. Mwaka 2021, mwezi wa kumi na mbili, sendofu ya mdogo wake. Dada zake wote na mashangazi walikuwa na sare, na kila mmoja alikuwa na fundi wake. Yeye alikuja kwangu, akasema kuna mafundi wengi Posta lakini anataka nishone mimi. Kitenge cha kijani chenye ndege wa dhahabu. Nilipokea kazi nyingi mwezi ule kuliko uwezo wangu. Desemba fundi hukatai kazi, kwa sababu Januari hakuna mtu anayeshona, watu wanalipa ada. Mteja_Aliyechoka umeandika kwa hasira lakini hujakosea. Nikisema "njoo kesho" sijakaa nikapanga kukudanganya. Naangalia uso wako, naona ulivyotoka mbali na jua, nashindwa kusema wiki ijayo. Kesho inatoka yenyewe mdomoni. Na "imebaki vifungo tu" nimeshaisema. Naomba nisiulizwe mara ngapi.

Nilimwambia Wa Juu kesho, siku nne. Siku ya sendofu alikuja saa nane mchana, gauni lilikuwa na mkono mmoja na halina bitana. Alilitazama. Hakugomba. Alisema, "Usijali shoga, mambo hutokea." Akaenda ukumbini na gauni lake la zamani la bluu. Picha zilipotoka nilizifuata mtandaoni moja moja. Dada zake wote wako kijani, yeye yuko mwisho kabisa, nusu ya bega limekatwa na picha.

Gauni nilimaliza wiki iliyofuata. Nikalipiga pasi, nikamwandikia: "Limekamilika. Nitakuletea."

Nitakuletea. Niliyesema ni mimi. Mwalimu, hiyo ni -ta- yangu.

Liko hapa mpaka leo. Linaning'inia kwenye nailoni nyuma ya mlango, naliona kila nikifunga. Mwanzoni nilikuwa sina nauli ya kupoteza, halafu nikawa na kazi, halafu ikawa kama alivyosema dereva. Na miezi yote hii nimekaa nahesabu mara zake tatu. Bint_Mkunazini, umeuliza alisema kwa sauti ipi. Alisema kwa ileile ya "usijali shoga". Leo ndiyo nimeisikia.

Mteja_Aliyechoka

Sikutegemea hili. Niliandika kwa utani kidogo. Pole.

Kaka_Mkweli

Nafuta kauli yangu ya kwanza.

Bint_Mkunazini

Shoga angu, mpigie. Usimwandikie. Maandishi hayana sauti na wewe shida yako yote ni sauti.

AbuuWaLikoni

Na gauni usilitangulize kama rushwa, sema pole kwanza kwa mdomo wako. Pole ya miaka yote hiyo haihitaji kuwa ndefu.

MwalimuMstaafu_Ngamiani

Binti yangu, nilikuambia sato wako walikuwa na haki. Sibadilishi. Lakini na gauni lina haki yake.

Dereva_wa_Kasumbalesa

Piga mchana. Saa za kula. Usiku mtu ana mawazo mengi.

FundiWaTabata

*(siku ya sita)*

Wadau, nimerudi, msije mkasema na mimi nimewaambia nitawaletea mrejesho nikapotea.

Nilimpigia jana saa saba mchana. Ililia mpaka nikawa naombea isipokelewe. Akapokea. "Halo, shoga," na ile sauti ikakaza, kama nilivyosema. Nikaona bora niitoe: "Sina shida ya hela." Akanyamaza, halafu akacheka kicheko cha bwenini, kile cha kufunika mdomo na shuka ili matroni asisikie. Akasema, "Basi nilikuwa nimeshaanza kutafuta cha kukuambia."

Nikamwambia kuhusu gauni. Sikumwelezea umeme wala Desemba. Nilisema, ulikuja saa nane, lilikuwa na mkono mmoja, nimeona picha, ulisimama mwisho. Pole. Huko kwake nikasikia mlango unafungwa, nafikiri alitoka nje ya ofisi. Akasema ile siku alilia kwenye teksi, siyo kwa ajili ya gauni, ila alikuwa amewaambia dada zake wote kwamba fundi wake ni rafiki yake wa bwenini, watamwona atakavyong'ara. Mimi sikuwa nalijua hilo. Halafu akasema kila akiniona anafurahi kweli, anasema nitakutafuta kweli, ila akifika nyumbani lile jambo linarudi, na anaona aibu kununa kwa sababu ya kitenge, mtu mzima.

Tukakaa kimya kidogo. Dakika zangu zinakwenda, sikujali.

Akauliza, "Bado unalo?" Nikasema ninalo, kwenye nailoni. Akasema halitamwingia, amezaa watoto wawili tangu siku ile. Nikamwambia nimeacha nafasi ya kutosha kwenye mishono ya ubavuni, naweza kulitanua, ila lazima nimpime upya. Akasema, "Haya basi, nitakutafuta."

Nikamuuliza, "Lini?"

Wadau, ni neno dogo hivyo, na mimi sijawahi kumuuliza. Yeye mwenyewe alishtuka. Akahesabuhesabu, akasema Jumamosi, kwake Kimara, saa nne asubuhi kabla watoto hawajaamka vizuri. Akauliza nitafika kweli au imebaki vifungo tu. Inaonekana na yeye anazijua lugha za mafundi.

Kuna wateja wawili nilikuwa nimewaambia waje Jumamosi. Nimewapigia wote jana ileile, nikawaambia nguo zao hazijaanza kushonwa, waje Alhamisi ijayo. Mmoja amenitukana. Wa pili amesema ahsante kwa kusema ukweli, akanitukana baadaye kidogo.

Gauni nimeshalitoa nyuma ya mlango, limekunjwa kwenye mkoba pamoja na futi na chaki. Samaki sijanunua.